Ikupa Alivyomkimbia Mwalimu Wodini

Mdogo wangu Ikupa alisomea unesi mwaka sabini na nne, hospitali moja huku Mbeya, na mimi nilikuwa nafagia wodi palepale. Alikuwa hatulii. Anakula amesimama, mlango ukilia anaruka. Nikadhani masomo. Kumbe mwalimu wake, Alinanuswe, Mnyakyusa mwenzetu kabisa. Kila zamu anamwita stoo ya mashuka.

"Ananishika, dada. Nikikataa, anasema mtihani wa wodini sifaulu."

"Mwambie Sista."

"Yudith wa darasa letu alimwambia. Kafukuzwa, yuko kwao anapalilia."

Sasa kwetu, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe. Akimsikia anakuja, anajifunika, anakimbia. Na baba mkwe akimgusa, huyo si mtu tena.

Asubuhi moja Alinanuswe anaingia wodi ya akina mama. Ikupa akavuta shuka, akajifunika gubigubi, mbio nyuma ya mlango.

"We binti, una wazimu?"

Bibi mmoja aliyevunjika mguu akapiga kelele kitandani: "Mwalimu, simama hapohapo! Huoni mkweo kajifunika? Umemwoza mwanao hata pombe ya harusi hatujanywa!"

"Mimi sina mkwe!"

"Basi anakukimbia nini? Umemfanyaje?"

Wodi nzima wakageuka kumtazama. Jasho likamtoka kama kabeba gunia.

Toka hapo akitokeza tu, wamama wanaimba, "Mkweo huyo, rudi nyuma!" Stoo hakumwita tena. Habari ikafika soko la Uyole, mkewe akaja mbio kuuliza ni mtoto gani kaoa, wakati mkubwa yuko darasa la nne.

Mwenye haya angeishia hapo. Yeye akamfelisha Ikupa. Sista naye akasema Ikupa hana adabu. Ikupa hakulia. Akafunga sanduku, akapanda basi la Iringa, akaanza unesi upya na vitoto vya juzi. Akamaliza. Kazalisha wanawake hukohuko, Igowole, mpaka kastaafu, lakini chumba chochote akikaa, anakaa karibu na mlango.

Alinanuswe wakampandisha cheo. Alipokufa, Ikupa alikuwa kwangu kunisalimia. Jirani akachungulia, kanga kichwani.

"Hamwendi msibani? Si alikuwa mwalimu wako, Ikupa?"

"Alikuwa," Ikupa akasema. "Karibu ndizi, mama."

"Mtasemwa!"

"Watuseme," nikamwambia. "Yeye akiwa hai mbona hamkumsema?"

Akaondoka kanuna. Sisi tukala.