Povu Kwenye Bomba la Mirontsy

Jamani, mimi nimewahi kumwosha mdomo mamluki kwa sabuni, mchana kweupe, mbele ya mji mzima, na msinipigie makofi kwanza maana sikukusudia, na tangu siku ile nikisikia neno uzinduzi natafuta mlango wa nyuma. Mmetaka nisimulie, haya nasimulia, lakini atakayecheka kabla sijafika kwenye povu, nanyamaza.

Ilikuwa miaka ile ya mamluki, wale wazungu waliokuja na bunduki wakapindua serikali kisha wakasahau kuondoka. Wakakaa, wakaoa, wengine wakasilimu wakapewa majina mazuri kuliko langu, na wakawa ndio wakubwa wa walinzi wa Rais, wenye sare nyeusi na magari ya jeep, na hakuna shughuli iliyokamilika bila mmoja wao kukaa kiti cha mbele. Mimi nilikuwa karani katika kampuni moja ya uchukuzi pale Moroni, tunapakua meli, tunasafirisha karafuu na vanila na saruji, na kwa kuwa nimekulia Unguja (baba ni Mngazija wa Vouvouni, mimi nilirudi mtu mzima na Kingazija cha kuungaunga) kila kazi iliyokosa mwenyewe nilitupiwa mimi.

Sasa Mkurugenzi wetu alikwenda Ulaya akarudi na maneno mapya. Kampuni isichukue tu, alisema, kampuni irudishe kwa wananchi, na majengo yake yasiharibu ardhi ya watu. Maneno mazuri, sikatai. Akajenga ghala jipya kisiwa cha jirani, Ndzuani, katika njia ya kutoka Mutsamudu kwenda Mirontsy, na ghala lenyewe lilikuwa zuri kweli, lina vioo juu ya paa ili mchana tusiwashe taa, lina matundu ya upepo ili karafuu zisiote ukungu, na paa lina mifereji ya kuteremsha maji ya mvua mpaka kwenye tangi kubwa la saruji, na tangi lina bomba linalotokeza nje ya ukuta, zawadi kwa majirani.

Wazo hilo ni la Mngazija mtupu. Sisi Wangazija kisiwa chetu hakina mto, mvua ikishuka inazama kwenye mawe, na mwenye birika la kukingia maji ya mvua nyumbani kwake ndiye tunayemwita tajiri. Lakini Ndzuani ina mito, tena mmoja unapita umbali wa kutupa jiwe kutoka pale ghalani! Hakuna aliyemwambia Mkurugenzi. Mimi nilikuwa najua, nikaufyata, kwa sababu alikuwa ameniahidi kwamba siku ya uzinduzi ikienda vizuri mimi ndiye nitakayekuwa msimamizi wa ghala hilo, na nilikuwa na mchumba Moroni ambaye mama yake alikuwa hataki kusikia habari za karani.

Basi nikatangulia kwenda kuandaa. Nikapanda ngazi, nikachungulia ndani ya tangi. Kavu! Mvua ilikuwa haijanyesha tangu paa lilipoezekwa, na kesho yake Mkurugenzi anatua na wageni, afungue bomba mbele ya watu. Mtu mwenye akili angemweleza ukweli. Mimi nikaamua jambo dogo tu, dogo kabisa: nikaenda kwa Koko Echati.

Koko Echati, yaani Bibi Echati, alikuwa mzee wa Mirontsy, kiongozi wa kikundi cha akina mama waliokuwa waje kutuimbia na kupiga matari, na bahati yangu (au balaa yangu) aliwahi kukaa Unguja, kwa hiyo tulisemezana Kiswahili bila jasho. Nikamwambia nataka akina mama wanichotee maji mtoni asubuhi, wajaze tangi.

Akaniuliza: "Mwanangu, hebu nieleweshe. Sisi tuchote maji yetu, tuyabebe vichwani, tuyatie kwenye tangi lenu, halafu mchana mje mtupe?"

"Ni kwa siku moja tu, Koko. Mvua ikinyesha litajaa lenyewe."

"Na sisi tushukuru?"

"Kidogo tu, Koko."

Alicheka mpaka akashika mbavu, akakubali, nadhani kwa sababu alitaka kuona mwisho wake. Mimi kwa furaha, kuonyesha kwamba kampuni yetu haidhulumu, nikafungua katoni za sabuni nilizonunua soko la Volo Volo, Moroni, kwa ajili ya zawadi za shughuli, nikampa kila mama mche wake mapema, kabla hata hawajateka ndoo ya kwanza. Mkarimu mimi!

Asubuhi wakaja na ndoo na madebe, mstari mrefu, mimi juu ya ngazi napokea na kumwaga, wengine wanapanda, wengine wanashuka, na jua linapanda. Wale wa kwanza walikuwa wanateka juu kabisa mtoni, kwenye maji safi. Lakini ni mbali kidogo, na mimi nikaona tunachelewa, nikaanza kupiga kelele kutoka juu ya ngazi, "Chukueni hapa hapa chini, karibu na daraja! Maji ni maji!" Wakachukua hapo chini. Na wale waliomaliza zamu zao, wenye mche mpya wa sabuni mkononi na nguo chafu nyumbani, walifanya nini? Walikwenda mtoni kufua. Upande wa juu wa daraja, maji yanakotokea. Nyie niambieni, kosa la nani?

Adhuhuri ikasaliwa, watu wakajaa. Mkurugenzi kavaa suti, jasho linamtiririka. Shehe akaomba dua. Na mgeni wa heshima akaja, kapteni mmoja wa mamluki, miwani myeusi, masharubu ya rangi ya mchanga, na nyuma yake askari wanne wa sare nyeusi, vijana wetu hao hao ila walishajifunza kutokucheka. Mkurugenzi akahutubia kwenye kipaza sauti kuhusu paa linalokusanya baraka za mbinguni. Akina mama wakatazamana. Koko Echati alijifunika uso kwa shiromani yake, shuka lao la kujitanda, na mabega yalikuwa yanatikisika.

Kisha Mkurugenzi akafungua bomba. Likakohoa, likatema hewa, halafu maji yakatoka, watu wakapiga vigelegele, mimi nikajiona nimeshavaa joho la harusi. Glasi ya kwanza kwa mgeni. Kulikuwa na joto, Kapteni ana kiu, hakutazama, akaibugia yote kwa mkupuo mmoja.

Povu likabaki kwenye masharubu.

Akatema, akakohoa, na povu kubwa likamtoka puani (naapa, niliona kwa macho yangu) na kule kwenye bomba sasa lilikuwa linatoka povu tupu, linajikunja chini kama la maziwa yanayofurika. Hakuna aliyecheka. Kapteni akasema neno moja, na hilo neno kila mtu alilielewa: sumu. Bunduki zikashushwa mabegani. Akauliza nani amelishika tangi hili leo. Askari mmoja akasema asubuhi alipita akaona wanawake wanapanda na ndoo, na yule pale ndiye mkubwa wao. Wakamshika Koko Echati mkono, bibi wa watu, wakamvuta mpaka mbele.

Hapa ndipo ninapoona haya kwelikweli, povu si kitu. Nilisimama. Nilimwona anavutwa, kiatu kimoja kikamtoka, na mimi nilikuwa nafikiria ghala, nafikiria mama mkwe. Sijui nilisimama muda gani, lakini ulikuwa mrefu kupita kiasi, maana Koko aligeuka akanitazama, akanisubiri tu.

Ndipo nikarukia kipaza sauti (kwa nini kipaza sauti, Mungu ndiye ajuaye) nikapayuka yote: si sumu, ni sabuni, tangi lilikuwa kavu, ni mimi niliyewaamrisha, maji ni ya mto, ni ya kwao wenyewe, na sabuni ni ya kampuni! Spika zilikuwa zimefungwa juu ya paa. Mpaka wavuvi ufukweni walisikia.

Koko akauchomoa mkono wake. Akachota glasi kwenye bomba, akanywa funda moja mbele ya Kapteni, akafuta mdomo. "Mwambieni mzungu," aliwaambia askari, "angekuwa anafua nguo zake mwenyewe angeijua ladha."

Hakuna aliyethubutu kuyatafsiri maneno hayo. Kapteni alinusa glasi, akaelewa, akaanza kucheka, na yeye alipocheka ikaruhusiwa, mji mzima ukaangua kicheko mpaka Shehe. Akina mama hawakupoteza wakati, matari yakalia, na palepale wakautunga wimbo wa bwana aliyekuja kutoka kisiwa kisicho na mto kuwagawia watu wa mto maji yao. Wimbo ulifika Moroni kabla yangu. Usimamizi alipewa mpwa wa Mkurugenzi, na mama mkwe, ambaye asili yake ni Ndzuani, aliuimba wote mlangoni, ubeti kwa ubeti, kisha akafunga mlango.

Mvua ilinyesha baada ya siku chache, tangi likajaa lenyewe, maji matamu, safi. Lakini Kapteni alikuwa amelipenda ghala letu. Nilipopita tena huko nilikuta bomba lina kufuli, ufunguo wanao askari, na maji ya zawadi yanaosha magari ya walinzi wa Rais, yanametameta. Koko Echati alikuwa anapita na ndoo kichwani anakwenda mtoni. Nikamkimbilia nimpokee ndoo, nimwombe radhi.

"Iache, mwanangu," akasema. "Ukiibeba wewe, jioni utakuja kunizindulia."

Nikaiacha. Na tangu hapo sijampa mtu kitu bila kumuuliza kwanza kama si chake.