Fuvu Nililolivika Kofia

Jamani, Usambara nzima hakuna aliyejua asili ya binadamu kunizidi mimi, Kristofa. Asili ya kila mtu! Yangu ndiyo usiseme: ukoo wa machifu wa Vuga.

Ngoja sasa mwaka 1969.

Tunachimba matuta ya shamba la ujamaa, chini ya jabali upande wa Gare. Ukungu mzito. Jembe langu likagonga kitu.

Fuvu.

Dogo, la kuenea kwenye bakuli la uji.

Wenzangu wakarudi nyuma. Mimi nikalinyanyua, nikalivika kofia yangu.

"Shikamoo, babu!"

Hakuna aliyecheka.

"Mgosi, rudisha hicho," akaniambia rafiki yangu Fanueli.

"Si wewe unayesema Mzungu alianzia kwao, Mhindi kwao, Msambaa hapa hapa milimani? Umekwisha! Sote tulitoka Afrika, ndipo tukatawanyika. Kichwa kidogo, ubongo mdogo: huyu ni mtu wa kale kabisa!"

Masihara kando, mtaalamu wa mifupa alikuwa amefikia Lushoto mjini, anatafuta msaidizi. Nikimpelekea hili, mimi na jembe basi.

Nikalitia kikapuni, nikashika njia peke yangu.

Kitu, labda kijiwe, kikaanza kucheza ndani ya fuvu. Nikisimama, kimya. Nikitembea, kinaanza. Taratibu, kama mtu anayeniita na hataki wengine wasikie.

Nikafika nyumbani mbio.

Mama yangu, Secilia, alikuwa anamenya viazi na Bibi Jenoveva, aliyelea yatima misheni ya Gare miaka mingi.

"Mama, mwanao kapata kazi!"

Mama alipoona kilichomo, kisu kikamponyoka. Bibi Jenoveva akalipakata fuvu, akapitisha kidole kwenye taya.

"Mtoto mchanga huyu. Ona: meno mawili ya juu, chini hakuna."

Kigego. Zamani, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza alihesabiwa mkosi. Alitupwa jabalini.

"Hata hivyo ni mifupa, bibi," nikang'ang'ana. "Mtaalamu ananisubiri. Na sisi wa ukoo wa machifu..."

"Ukoo gani?"

"Dada Jenoveva, nakuomba," mama akasema.

"Amemvalisha kofia, Secilia! Kamfanya kichekesho!"

Akanigeukia.

"Hao watu wa Vuga walitaka kukutupa jabalini vile vile. Mama yako akakimbia na wewe mgongoni, mvua inanyesha, mpaka Gare. Nilikupokea mimi. Nikakufumbua mdomo. Mawili ya juu."

Mama akaitikia kwa kichwa. Alikuwa analia bila sauti.

Kazi ya mtaalamu ikaishia hapo. Tukarudi jabalini sisi watatu, tukamzika na kofia yangu.

Ndugu yangu unayesoma, kabla hujauchekea mfupa, uliza kwanza alikuwa mtoto wa nani.

Mimi funzo hilo lilichelewa kuniingia. Tunashuka, tukakutana na Fanueli.

"Ehe, msaidizi! Mtaalamu kasemaje?"

"Aa, achana naye. Kasema ni nyani tu."

Nyuma yangu Bibi Jenoveva akakohoa.

"Mwambie alikuwa nani, Kristofa. Ukimaliza, mwambie na wewe ni nani."