Maus, IS-7 na swali la baba mkwe: jinsi vifaru vya tier ten vilinirudisha nyuma mtoni

Wakuu, salamu kutoka Kitengela, ambako leo ni jua na vumbi kama kawaida.

Nataka kuwaandikia kitu kilichonipata mimi mwenyewe. Sitaongeza chumvi. Mahali nilifanya ujinga, nitasema nilifanya ujinga.

Niko na miaka thelathini na sita na kazi yangu ni kuendesha bowser, lile lori la kubeba maji. Nachota kwa borehole, kisima kirefu cha kuchimbwa, napeleka kwa mashule, site za ujenzi na watu waliojenga mbali huko ndani ambako mfereji haujafika.

Kazi ikiisha nacheza gemu ya vifaru kwa computer. Kwa wale hawaijui, ni vita ya online, watu kumi na tano kwa kumi na tano, kila mtu na kifaru chake. Vifaru vimepangwa kwa ngazi, na ngazi ya juu kabisa ni tier ten. Kufika huko ni miezi ya kusumbuka.

Mimi nilipofika nilichukua Maus.

Maus ni dude la Mjerumani, tani karibu mia moja na themanini na nane. Kwa gemu inatembea kama ng'ombe mgonjwa, lakini ukiiweka kwa kona na kugeuza pua kidogo, risasi zinagonga na kuruka. Watu watatu wanaweza kukupiga dakika nzima na bado uko hai. Niliipenda kwa sababu inafanana na kazi yangu. Mimi pia naendesha kitu kizito, na nilikuwa naamini uzito ndio usalama.

Sasa ingia baba mkwe.

Mke wangu Nekesa ni wa Bungoma. Baba yake, Mzee Barasa, alikuwa mwanajeshi, dereva wa kifaru, na baada ya kustaafu akakaa Nkoroi. Mwaka jana alifanyiwa operation ya nyonga na daktari akakataza ngazi. Kwake ni ghorofa ya tatu, kwetu ni chini. Nekesa akasema Baba anakuja kwetu mpaka apone.

Wenye mmeoa mnajua. Kukaa nyumba moja na baba mkwe si mchezo. Kwao ni heshima ya mbali, hampigi stori ovyo, na kwetu Nyeri ni karibu hivyo hivyo. Mwezi wa kwanza maneno yetu yalikuwa matatu: "Umeamkaje, Baba", "Chakula kiko tayari" na "Usiku mwema". Yeye alikuwa anajibu, "Asante, Kamau," halafu anarudi kwa gazeti.

Nikaacha kucheza. Niliona aibu, mwanaume na ndevu zangu kubonyeza vifaru mbele ya mtu aliyeviendesha kweli.

Lakini Jumapili moja baada ya kanisa, Nekesa alikuwa amebaki kwa mkutano wa akina mama, nikadhani mzee amelala. Nikafungua gemu. Niko katikati ya vita, Maus yangu inapanda kilima, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Hiyo ni tani ngapi?"

Nikamwambia.

Akavuta kiti, akaegemeza fimbo ukutani. "Na inavuka daraja gani?"

Nikasema, "Baba, ni gemu. Daraja zote inavuka."

"Nauliza ile ya ukweli."

Sikujua. Nikaenda kusoma, na hapo ndipo nilianza kujua historia ya hizi mashine nilizokuwa naendesha bila kujua chochote.

Maus, wakuu, zilitengenezwa mbili tu. Hakuna daraja la kawaida lingeibeba, na mainjinia walijua hivyo mapema. Mpango wao ulikuwa ipite chini ya maji, kwa sakafu ya mto, ikivuta umeme kwa kebo kutoka kwa Maus nyingine iliyosimama ukingoni. Fikiria hiyo. Kifaru kimoja kisubiri nchi kavu kikimpa mwenzake nguvu, halafu wabadilishane. Vita ikaisha kabla ya mambo hayo. Warusi wakachukua mabaki, wakaweka turret ya moja, kile kichwa chenye bunduki, juu ya mwili wa nyingine, na hiyo ndiyo iko museum mpaka leo.

Nikamsimulia mzee. Alicheka mara ya kwanza tangu aje kwetu.

Kuanzia hapo ikawa desturi yetu ya Jumapili. Mimi nacheza, yeye anauliza, nisipojua natafuta.

IS-7 ya Mrusi ndiyo ilimfurahisha. Tani sitini na nane, bunduki ya milimita mia na thelathini, engine iliyotokana na ile ya boti, na inakimbia karibu kilomita sitini kwa saa. Kwa gemu pua yake imechongwa kama mkuki, ukiipiga mbele risasi inateleza. Ukitaka kuiua, ngoja igeuke upande au piga lile bamba la chini. Kwa karatasi ilikuwa na kila kitu. Lakini walitengeneza chache tu wakaiacha, na sababu moja kubwa ilikuwa uzito huo huo. Reli na madaraja hayakuitaka.

E 100 ya Mjerumani, niliyoichukua baada ya Maus, ndiyo ilinihuzunisha. Kwa gemu inatembea na bunduki ya kutisha, risasi moja na mtu wa tier nane amekwisha. Kwa ukweli haikumalizwa. Vita ilipoisha ilikutwa mwili tu, bila turret yake, Waingereza wakaibeba kwao wakaichunguza, baadaye ikakatwa vyuma chakavu. Nimeua watu wengi sana na kifaru ambacho hakijawahi kupiga risasi hata moja.

Halafu Leopard 1. Mimi nilikuwa naidharau. Tani arobaini, armour ya karatasi, mtu anakutoboa popote. Mzee akaangalia ile bunduki yake akasogea karibu na screen.

"Hiyo ni mia na tano ya Muingereza," akasema. "Ndiyo tulikuwa nayo kwa kifaru chetu."

Akanieleza kwamba baada ya vita kuu risasi zilikuwa zimekuwa kali kiasi kwamba chuma kizito hakikukusaidia sana. Wajerumani, walewale wa Maus, wakaamua bora wepesi, bunduki nzuri, na dereva anayejua ardhi. Na ilitengenezwa kwa maelfu, nchi nyingi zikainunua.

Nikamuuliza kwa nini kila kifaru anauliza daraja na udongo, haulizi bunduki.

Alisogeza kiti chake nyuma. Halafu akaniambia. Walikuwa mazoezini, mvua imenyesha, na mbele yao kuna black cotton, ule udongo mweusi unaofanana na mkavu juu na chini ni uji. Mkubwa wake akamuuliza, "Barasa, hii ardhi inabeba?" Yeye hakushuka kuangalia. Alisema inabeba. Kifaru kikazama mpaka tumbo. Wakati wa kukivuta, kebo ya chuma ikakatika na kumpiga rafiki yake Simiyu mguuni. Simiyu alikatwa mguu.

"Hajawahi kunilaumu," mzee akasema. "Tukienda kwake Krismasi ananiwekea kiti."

Akaomba chai.

Sasa nifike kwa lile lililonifanya nifungue uzi huu.

Mvua za Aprili. Asubuhi kama saa nne, nimebeba lita elfu kumi, napeleka shule moja ndani huko upande wa Isinya. Lazima nivuke drift, ile barabara ya zege inayopita kwa sakafu ya mto. Miezi mingi huo mto ni mchanga tu. Nimevuka hapo mara nyingi maji yakiwa magotini na sikuwahi kufikiria mara mbili.

Siku hiyo maji yalikuwa ya rangi ya matofali na yanakwenda kwa nguvu. Kando ya drift kuna vigingi vya zege vya kuonyesha ukingo. Upande wa chini huwa viko saba. Nikahesabu vinne.

Kulikuwa na mama wa Kimaasai anaitwa Mama Naserian, namjua, huuza maziwa na siku nyingine namsaidia kuvuka na mitungi yake. Nikamsalimia, "Sopa." Akaitika, "Epa," halafu akasema, "Mimi siingii leo. Vile vingine vimeenda jana jioni, nimeviona vikienda."

Nyuma yangu wakafika kanta, lori dogo, ya nyasi za ng'ombe na gari dogo la Probox. Wakaanza kupiga hooter. Dereva wa kanta akashuka, kijana wa Kitui anaitwa Mutiso, tunasalimiana barabarani.

"Bosi, wewe ndio mzito hapa," akaniambia. "Ukipita na sisi tunapita. Hayo maji hayawezi kukusukuma."

Na mimi, wakuu, niliamini. Nitasema ukweli wangu: sikuwa na hekima yoyote asubuhi hiyo. Nilirudi kwa lori, nikaingiza gia, magurudumu ya mbele yakaingia majini. Nikasikia pua imeshuka kidogo kuliko kawaida. Kidogo tu. Mtu asiyeendesha kila siku hangesikia.

Nikasimama hapo hapo, nikampigia mzee. Sijui kwa nini yeye. Labda nilitaka mtu aniambie pita.

"Baba, niko drift, maji yamepanda. Niko na tani kumi za maji nyuma. Uzito si utanishikilia?"

"Chini kuna nini?"

"Zege."

"Umeiona?"

"Hapana, maji ni matope."

"Basi husemi kuna zege. Unasema jana kulikuwa na zege."

Nikarudi reverse. Nikazima engine nikashuka.

Nilimwambia Mutiso mimi siendi, na nikamwomba na yeye asiende. Akacheka bila ubaya, akasema nyasi zikinyeshewa tena zitaoza. Akanizunguka, yeye na mwenzake Kioko, wakaingia.

Walifika katikati. Halafu upande wa nyuma kushoto ukashuka kama mtu amevuta kiti. Kanta ikalala upande, maji yakagonga nyasi, na kile kigingi cha tatu ndicho kikaizuia isiende. Wote wawili wakapanda juu ya cabin.

  Mama Naserian alishika mdomo.

Kwa bowser huwa niko na kamba ndefu nene ya kufungia. Nilirudisha lori mahali murram, ule udongo wa changarawe, ni ngumu, nikashuka nikakanyaga pande zote kwanza, nikaweka mawe kwa magurudumu, nikafunga kamba kwa ndoano ya mbele. Mwenye Probox, mwalimu fulani, alifunga jiwe kwa ncha tukarusha. Mara ya nne Kioko akaishika.

Walikuja mmoja mmoja, kamba kiunoni, sisi tukivuta na bowser ikiwa nanga. Kioko alikuwa mwepesi. Mutiso alizama mara mbili, na mara ya pili alikaa chini mpaka mwalimu akaanza kuomba kwa sauti. Alitoka akitapika matope. Mama Naserian alivua shuka yake moja akamfunika.

Kanta ilienda kama nusu saa baadaye. Ilijigeuza tu ikaenda.

Maji yalipopungua kesho yake nilirudi kuangalia. Nusu ya zege upande wa chini haikuwepo. Kulikuwa na shimo ambalo bowser yangu ingeingia na kubaki, na mimi ndani.

Jioni ya siku ile ya ajali nilifika nyumbani, nguo zimekauka matope. Nekesa alilia, akaenda kunitilia maji ya kuoga. Mzee alikuwa sebuleni.

Akauliza, "Na hao wawili?"

"Wako sawa, Baba. Mmoja alipelekwa hospitali kuangaliwa kifua, lakini ameachiliwa."

Akaitikia kwa kichwa. Nilidhani ataniambia nimefanya vizuri, na nitakubali kwamba nilikuwa nasubiri hayo maneno.

Badala yake akasema, "Kamau, kama ningekuwa kwa hiyo gari, na umri wako, na watu wananipigia hooter, mimi ningepita."

Akachukua fimbo yake akaenda kulala. Nilibaki nimesimama hapo na viatu mkononi.

Somo langu ni hili, mtalichukua vile mnataka. Kwa gemu na kwa barabara nilikuwa nauliza swali moja: mimi ni mgumu kiasi gani. Maus na IS-7 zote zilikuwa ngumu kwa karatasi, na ukisoma historia yao utakuta ardhi ndiyo ilikuwa na neno la mwisho. Kitu kizito ni kizuri kikisimama mahali panapokibeba. Na usione haya kurudi reverse watu wakiangalia. Pia, usimcheke aliyeingia. Mutiso si mjinga. Alikuwa na nyasi za kufikisha na gia yangu ilikuwa imeingia kabla ya yake.

Siku hizi nacheza Leopard. Nakufa sana, lakini najifunza ramani.

Wenye mnacheza tier ten, niambieni hapo chini mnaendesha gani na kwa nini. Na wenye mnapita hizi drift za Kajiado wakati wa mvua, semeni ni zipi zimeliwa chini, majina na mahali, ili mwingine asiingie kwa kukumbuka jana. Mwenye ana swali kuhusu zile historia aulize pia. Nitamsomea mzee, yeye ndiye anajua zaidi.