Salamu za Mdomo Hazifuti Falta

Siku moja naikumbuka hata nikitaka kuisahau, mwanangu. Nilisimama mbele ya ukuta wa chuo cha walimu, mkoba wa safari bado begani, natafuta jina langu kwenye pauta. Pauta ni karatasi ya alama wanayobandika ukutani muhula ukiisha, kila mtu aione, mwenye furaha na mwenye aibu. Jina langu nililiona. Alama niliziona: hesabu kumi na saba, lugha kumi na sita, ualimu kumi na saba, na ukomo wao ni ishirini. Lakini mwisho wa mstari, pale wenzangu walipoandikiwa kuwa wamefaulu, mimi niliandikiwa kwa wino mwekundu: ametolewa kwa falta.

Falta ni kukosa darasa. Nani alinieleza kwamba mtu anaweza kuwa na kumi na saba akatolewa? Hakuna. Mimi nilitoka Namoto, huku Msumbiji kwenye mpaka na Tanzania, nimesoma kwa kuungaunga, mwaka huu nasoma, mwaka ujao nauza chumvi na mama. Nilipoingia chuo nilijua jambo moja tu, kwamba mwenye alama nyingi ndiye mshindi. Tena pale chuoni aliyepata kumi na nne kwenda juu alipewa dispensa, hafanyi mtihani wa mwisho, jina lake linawekwa kwenye ubao wa heshima. Na wa kwanza kati ya wote ndiye aliyechagua shule ya kupangiwa kazi. Wengine walipelekwa popote, hata huko ndani ambako mvua ikinyesha hutoki.

Mimi nilikuwa wa kwanza. Wa pili alikuwa Zaituni, mwenzangu wa chumba. Namtaja kwa jina na sitaki mtu aniambie nisitaje.

Baba yangu alifariki muhula ukielekea mwisho. Majaribio yote nilikuwa nimeshayafanya, yalibaki masomo ya marudio tu. Habari ilinifikia asubuhi, gari la kwenda kwetu liko barabarani linapiga honi. Nikamshika Zaituni mikono. Nikamwambia, "Dada, nimefiwa. Mfikishie salamu mwalimu Selestina, na pale sekretaria, ofisini kwa makarani, pia. Waambie nitarudi mama akitulia."

Akasema, "Nenda, dada. Mimi nipo. Lia vizuri, huku niachie mimi."

Kwetu, mwanangu, hayo yanatosha. Mtu akifiwa hatafuti karatasi. Salamu hupita mdomo kwa mdomo, kutoka kisiwani mpaka bara, zikafika zilivyotoka. Kumpelekea mtu karatasi ya kumwambia umefiwa ni kama kumwambia humwamini. Na mimi mtoto wa kwanza wa kike, mama yangu kaingia eda, ningemwacha vipi kabla ya arobaini? Nikakaa. Nikapika, nikapokea wageni, nikalala mkekani pembeni yake. Roho yangu ilikuwa imetulia kuhusu chuo, kwa sababu salamu nilikuwa nimezituma.

Sasa nirudi pale ukutani. Mtu mmoja pembeni yangu akasema pauta inafungwa saa sita mchana, ikifungwa inapelekwa mkoani, na ikishakwenda hairudi. Jua lilikuwa limeshapanda. Nilijua maana yake. Mwaka mzima ungehesabika sikuusoma, masomo yote, hata yale niliyowafundisha wenzangu. Kitanda cha bwenini kingepewa mwingine. Na mama yangu, mjane, na wadogo zangu, wangesubiri mwalimu wa Namoto asiyekuja.

Nikaingia sekretaria bila kubisha hodi. Aliyekaa mezani alikuwa Baltazari, mtu wa kalamu mbili mfukoni. Nikamwamkia. Hakuitika.

"Nimefiwa na baba," nikasema. "Nilituma salamu."

"Kwa nani?"

"Kwa mwenzangu."

Akacheka, akamgeukia mwenzake. "Unawasikia watu wa pwani? Kila mwezi wana matanga. Wakiisha kuzika wajomba wanaanza kuzika majirani." Halafu akanitazama mimi. "Salamu zako ziko wapi? Nionyeshe nizipige muhuri."

Wakacheka wote. Nilitaka kumrukia, wallahi, lakini saa ya ukutani ilikuwa inakwenda. Nikamwomba amwite mwalimu Selestina. Akaja, mwanamke mpole, aliyenipa zile kumi na saba kwa mkono wake. Nikamwomba amwite Zaituni pia. Nikajiambia moyoni, basi, akifika Zaituni yamekwisha.

Zaituni akaja. Alikuwa amesuka, amevaa kitambaa kipya kichwani, maana siku ile wenye dispensa walikuwa wanapigwa picha. Hakunipa pole.

Baltazari akamuuliza, "Huyu anasema alikupa salamu za kuleta hapa. Ni kweli?"

Nikamtazama machoni. Yeye akatazama kucha zake.

"Aliniaga," akasema. "Alikuwa analia. Sikujua kama ni salamu za kufikisha."

"Zaituni!" nikasema. "Nilikushika mikono!"

"Ulinishika, dada. Kila anayesafiri ananishika mikono."

Mpaka leo neno hilo linanichoma. Nikamgeukia mwalimu Selestina. "Mwalimu, wewe unanijua. Mimi ni mtu wa kukimbia darasa?" Mwalimu akafungua mdomo. Baltazari akagonga meza kwa kalamu, akasema, "Sheria ni sheria, aliyepita kiasi cha falta ametoka, hata awe na ishirini." Mwalimu akaufunga mdomo. Watu wanamsifu Selestina kwa upole wake. Mimi upole ule siupi sifa. Mpole anayenyamaza wakati mwenzake anazama, tofauti yake na aliyemsukuma ni ndogo sana.

Saa sita ikagonga. Baltazari akakunja karatasi zake mbele yangu taratibu, kama mtu anayekunja nguo za sikukuu.

Nilirudi Namoto na godoro langu kichwani. Nilidhani nitapokewa kwa machozi. Mjomba Bakari, kaka yake mama, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Baba yako alipokuwa anavusha mzigo mto Ruvuma, alikuwa anaushusha wapi?"

"Ng'ambo."

"Ng'ambo kwa nani?"

"Kwa mwenye mzigo."

"Aliwahi kuuacha kwa mtu njiani, akasema mpe fulani, akageuza mtumbwi?"

Nikaanza kufungua kamba ya godoro.

"Hakuwahi," akasema. "Alikuwa anamngoja mwenye mzigo hata kama kunanyesha, anamkabidhi mkononi, anamwambia mbele ya watu, umepokea? Ndiyo maana aliaminiwa pande mbili. Huyo Zaituni ni nyoka, sikatai, na kikulacho ki nguoni mwako. Lakini wewe mzigo wako mkubwa kuliko yote ulimwachia mtu aliyekuwa anautaka. Tena hukumwuliza yule karani: baada ya mlango huu kuna mwingine? Nyumba gani ina mlango mmoja?"

Nilimkasirikia mjomba. Nilimwona hana huruma. Mtu kafiwa, kafukuzwa, halafu anafundishwa biashara ya mitumbwi! Lakini mwaka uliofuata nilikutana mjini Palma na kijana tuliyesoma naye, akaniambia kwa mshangao, "Kwani hukupeleka maombi? Mfiwa alikuwa na ruhusa ya kujieleza hata baada ya pauta kufungwa. Ilitakiwa karatasi ya msiba tu, kutoka kwa mkuu wa mtaa. Wawili walirudishwa hivyo."

Baltazari alijua. Alikaa nami chumba kimoja asubuhi nzima, akacheka, akakunja karatasi zake, na neno hilo moja hakulitoa. Mungu atamwuliza. Mimi nimeshamwuliza mara nyingi, hajibu.

Basi nikaolewa, nikauza samaki mkavu, nikazaa. Zaituni alichagua shule aliyoitaka. Halafu vita vikaja, mwanangu, haya unayajua, nisikuchoshe. Siku tuliyokimbia kutoka Palma niliona watu wamefunga vyeti vyao kwenye mifuko ya nailoni, wamevifunga kiunoni pamoja na watoto. Mimi nilibeba sufuria. Huko kambini tulikokimbilia, wenye vyeti walipewa kazi ya kufundisha watoto chini ya maturubai. Mimi niliyewafundisha hesabu baadhi yao, nilisimama foleni ya mchele.

Na huko foleni ya maji nilimkuta Zaituni. Amezeeka kama mimi. Akanitambua yeye kwanza.

"Dada Zainabu! Uko hai!"

"Niko hai. Salamu zangu umeshafikisha?"

Akacheka kwa haya. "Jamani, bado tu? Tulikuwa watoto."

"Wewe ulikuwa mtoto uliyejua kuhesabu," nikamwambia. "Ulihesabu wa kwanza akitoka, wa pili anakuwa nani."

Akainamisha kichwa, akachukua ndoo yake. Wanasema nimsamehe. Labda. Sijafika huko.

Sasa wewe unakwenda chuo, Pemba hii ya huku kwetu au popote, na simu yako mkononi. Nawaona ninyi. Mtu akiugua, akifiwa, barabara ikifungwa kwa risasi, anatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la darasa, analala usingizi. Mwanangu, hizo ni salamu zilezile, zimebadilisha mtumbwi tu. Nani kazipokea? Huyo aliyezisikia ni mwenye mzigo, au ni mpita njia?

Siku ya kwanza chuoni, kabla hujatafuta mahali pa kula, uliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Uliza somo linahesabika lini kuwa umelifaulu, kwa alama peke yake au kwa alama na mahudhurio. Uliza falta ngapi zinamtoa mtu, hata akiwa na nota, hizo alama, za kuwekwa kwenye ubao wa heshima. Uliza mfiwa anapeleka nini, kwa nani, na mwisho wake siku gani. Wakikucheka, waache wacheke, meno hayafuti jina. Likikupata jambo, nenda mwenyewe, au mtume mzazi, kabidhi mkononi, na usiondoke mpaka aseme nimepokea, na akuandikie. Ukiambiwa mlango umefungwa, usikunje godoro. Uliza wa pili uko wapi.

Na wewe ukipewa salamu za mtu, zifikishe. Hata kama anakuzidi. Hasa kama anakuzidi. Ukikaa kimya mwenzako akizama, utapata cheti, lakini utakutana naye siku moja kwenye foleni ya maji, na hutajua macho yako uyaweke wapi.

Nenda, mwanangu. Mungu akufungulie yaliyofungwa, akukinge na risasi za njiani na wino mwekundu. Akupe nota za kumpendeza mama yako. Lakini kabla ya nota, akupe mwenzako wa chumba mwenye hofu ya Mungu. Amina.