Nyota Kumi na Moja

Mwalimu huyu wa urubani hakuwahi kumfokea mwanafunzi, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Wenzake walimbandika jina la Taratibu, kwa kuwa neno hilo halikumbanduka mdomoni. Miaka ishirini na sita alikalia kiti cha kulia cha vile vindege vya watu wawili, suruali imepauka magotini, akimsihi huyu na yule asiukabe usukani, haukumkosea kitu.

Ila alikuwa na ugonjwa wake wa siri. Upepo ukivuma kutoka ubavuni, ndege hushuka upandeupande, na mwanafunzi anatakiwa ainyooshe kwa pedali pale magurudumu yanapokaribia kugusa lami. Hapo wengi hupotea maboya. Kila mara roho ilimruka Taratibu. Pedali za viti vyote viwili zimeungana, basi alizisukuma kwa ncha ya kiatu, kidogo tu, mwanafunzi adhani ni miguu yake mwenyewe. Mkewe alizoea kumtania kwamba hata mezani miguu yake haitulii. Laiti angejua inafanya nini kazini!

Akaja binti wa fundi cherehani, msichana wa miaka ishirini na mbili, mwenye bidii isiyo na mfano. Kila alipotua vizuri kwenye upepo wa ubavuni, alichora nyota ndogo katika daftari lake la urubani. Zikafika kumi na moja. Taratibu alimsifu mara zote kumi na moja, viatu vyake viko juu ya pedali. Mtu mzima ovyo! Alijiambia anamtia moyo tu, kesho atamwachia.

Siku aliyomruhusu kuruka peke yake, asubuhi ilikuwa shwari. Binti alitua mara mbili bila tatizo. Alipokuwa juu mara ya tatu, upepo ukageuka, ile soksi ya uwanjani ya kuonyesha upepo ikajaa na kulala kando. Taratibu alikuwa amesimama ukingoni, redio mkononi. Aliiona ndege ikigusa lami, pua ikaenda kushoto, bawa moja likainuka. Miguu yake ikawa inakanyaga nyasi. Ndege iliacha njia na kupinduka mtaroni.

Daktari alisema uti wa mgongo umekatika, kutembea asahau. Ripoti ya chuo iliandika kwamba kosa ni la mwanafunzi. Taratibu alipoulizwa kama ana la kuongeza aliinamisha kichwa, nao wakafunga faili.

Wiki ya tatu ndipo alipojikaza kwenda wodini. Alimkuta mama mtu, vidole vimejaa alama za sindano za kushonea, akimkanda mwanawe nyayo zisizohisi kitu. Mama alimweleza kwamba binti hali chakula, hazungumzi na mtu, anajiita tu mzembe kutwa kucha. Kinachomtuliza ni lile daftari tu, analala nalo chini ya mto.

"Nilifanya kama siku zote, Mwalimu," binti alisema. "Mbona siku ile ndege ilinikatalia?"

Taratibu aliona bora aaibike kuliko mtoto wa watu abebe lawama isiyo yake. Akapiga moyo konde.

"Huna kosa, mwanangu. Kila ulipotua na upepo ule, pedali nilikuwa nazikanyaga mimi."

Mama aliacha kukanda. Taratibu alingoja atukanwe, hata apigwe kofi, na angeshukuru. Binti alivuta daftari kutoka chini ya mto, akafungua kurasa zenye nyota, akazipitia moja moja kwa kidole.

"Zote?"

Taratibu aliitikia kwa kichwa.

"Kumbe sijawahi kutua."

Alilifunga daftari, akampa mama yake, akamwomba asimrudishie tena.