Rozari kwenye Kiti cha Nyuma

Motokari yangu siipeleki garaji. Mafundi wa mtaani kwetu Katuba nawaheshimu, lakini wakitengeneza waya mmoja wanakulegezea mwingine ili kesho uwarudie. Mimi nina taa yangu ya kupimia, nina koleo, na kiburi ninacho cha kutosha. Ndiyo maana mama mkwe wangu alikwama kwetu mvua zikikaribia, na shamba lake la mahindi huko Lukafu halijapandwa.

Alikuja kumsaidia binti yake na mtoto mchanga. Kazi ikaisha, nikaahidi kumrudisha mwenyewe. Asubuhi ya safari mizigo ikapakiwa, nikazungusha ufunguo: kimya. Batri imekufa. Mke wangu akashusha mizigo, akabamiza mlango wa nyuma kwa hasira. Nikaenda kuichajisha batri, nikairudisha, nikapima: umeme hauvuji popote. Nikachomoa fyuzi moja moja, nikaichomoa na redio, nikaitukana hata alternata inayochaji batri, nayo haina kosa. Kesho yake, kimya tena. Ikawa ndiyo desturi. Mawingu yanazidi kuwa mazito, na mama anafunga begi na kulifungua bila neno.

Neno lenyewe angeniambiaje? Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Mimi nikiingia sebuleni, yeye anatoka. Anakwenda wapi, sikuwahi kuuliza. Kuuliza kwenyewe ni kukosa adabu.

Siku moja nikarudi kutoka mjini mapema kidogo, jua ndiyo linazama. Uani, ndani ya motokari, taa ya juu inawaka. Mama amekaa kiti cha nyuma, rozari mkononi, midomo inacheza. Nikabaki nje ya lango kama mwizi, maana kumpita karibu haifai. Alipomaliza akashuka, akaurudisha mlango polepole, kwa heshima ya mali ya mkwe. Haukujifunga sawasawa. Taa ikabaki inawaka, na batri yenyewe si kijana.

Nikamsimulia mke wangu, nikitegemea atamwambia. Akakataa katakata: mama asikie kwamba yeye ndiye anayeua batri ya mkwe? Atakufa kwa haya. Halafu akacheka mpaka akakaa chini.

"Unajua anaombaka nini mule?" akasema. "Anasalaka juu motokari yako iwake asubui."

Nilimpenda yule mama siku hiyo kuliko siku zote. Usiku, mama alipokwisha kulala, nikaenda nikausukuma ule mlango kwa bega.

Asubuhi motokari ikawaka mara moja. Nyuma yangu, alikokaa na binti yake na mtoto, mama akamshukuru Bikira Maria kwa sauti, mimi sikutajwa. Tukafika karibu na Lukafu, matone ya kwanza yakaanza kugonga kioo, na shamba lilikuwa bado linamngoja. Ndipo alipomwambia binti yake, nami nikiwa mbele yake pale pale, naweza hata kusikia pumzi zake:

"Ambia bwana yako, mulango ya motokari yake haifungake muzuri. Aipeleke garaji."