Kalamu Iliyodhaniwa Sindano ya Ng'ombe

Leo nimekwenda kumposea mpwa wangu nikiwa na doa la wino kifuani.

Asubuhi nilikuwa dukani Nyasubi, nikichagua kalamu ya wino ya kuandikia makubaliano ya mahari: nene, ya bei nafuu, inayovuta wino kwa kuzungushwa mkia.

Nilipokuwa nikiijaribu, mfugaji mmoja akaniuliza, "Shikamoo, mzee. Hiyo sindano inachanja ndama wangapi?"

"Marahaba. Hii ni kalamu, bwana!" nikamkemea, huku nikizungusha mkia upande usiofaa.

Wino ukanirukia.

Mchana nikabisha hodi kwa wazazi wa binti. Aliyefungua mlango ni yeye yule mfugaji wa dukani. Baba mtu!

"Karibu, bwana mifugo! Tuandike ng'ombe kwanza, kuchanja baadaye."

Posa imekubaliwa. Kalamu inaandika vizuri.

Anayejua kutoa wino kwenye shati jeupe aniandikie hapa, kwa sentensi kamili.